Shela Dirishani, Visoda Sakafuni

Barua ya Modesti ilimfikia mama yake siku ya Jumatano ya Majivu, majivu yenyewe yakiwa bado mabichi kwenye paji la uso. Aliileta dereva wa lori, akaitupia mlangoni na kuondoka bila hata kunywa maji, maana aliona mama mtu anavaa miwani, na dereva yule alikuwa na uzoefu na barua za watoto wa mjini.

Hellena alikuwa mjane wa Kizwite, Sumbawanga, miaka sitini na kitu, hicho kitu akikificha. Alisoma hadi darasa la nne, na darasa la nne la zamani halikuwa mchezo. Akaisoma mwenyewe, kidole kikitangulia na macho yakifuata.

“Mama mpendwa,” ilisema barua, “nyumba hiyo imekwisha kufa, inangoja kuzikwa tu. Madirisha umeyaziba kwa magunia. Sakafu ni vumbi. Kuta ni masizi. Siwezi kuitia saruji, maana kutia saruji nyumba ya udongo ni kumvika mbuzi suti. Jumamosi Kuu nakuja na pikapu. Nikiikuta vile vile, unafunga mizigo tunakwenda kuishi wote Mbeya. Rahel na watoto wote wanne wanakusalimu. Msichana wa kazi ameondoka.”

Ule mstari wa mwisho Hellena aliurudia mara tatu. Barua nzima, na ukweli wake wote ulikuwa umejikunja hapo mwishoni kama mdudu ndani ya haragwe.

Si kwamba hakuwapenda wajukuu. Lakini Mbeya alishaionja. Aliwahi kukaa kwa mwanawe wiki mbili, akawekwa kwenye kochi, akaambiwa usishike hiki mama, usitoke nje mama, pumzika mama. Alikaa kama kuku wa zawadi: analishwa, anasifiwa unene, mguu umefungwa kamba. Nyumba yake ya Kizwite ilijengwa na marehemu mumewe, tofali moja moja la udongo, na yeye ndiye aliyekanyaga matope ya kila tofali akiwa na mimba ya huyo huyo Modesti. Kuiacha ianguke? Hata!

Ila alipovua miwani na kuitazama nyumba kwa macho ya mgeni, alikohoa kidogo. Magunia madirishani, kweli. Ukifagia, unafagia nyumba yenyewe. Kila mwaka sakafu ilizidi kushuka na kitanda kuzidi kupanda. Na kuta, tangu mumewe afe akawa anapikia sebuleni kukwepa baridi, zilikuwa nyeusi kama tumbo la chungu.

Akarudi kwenye barua. Kidole kikasimama kwenye “nikiikuta vile vile.”

“Ahaa,” akasema peke yake. “Mtoto amefunga mlango akasahau komeo.”

Akaingia kupika mboga, na siku ile ya mfungo alikula kwa hamu hadi akaona haya mbele ya picha ya Bikira Maria.

*

Wa kwanza kupelekewa habari alikuwa Mboje, jirani. Mboje alikuja na mumewe kutoka Usukumani wakiswaga ng'ombe, wakaipenda nyasi ya Ufipa wakakaa. Alikuwa na mikono mipana na mdomo usio na breki. Hellena alimwita “binti yangu,” na Mboje alimwita “mayu,” yaani mama kwa Kisukuma, hata pale alipokuwa anamtukana.

“Saruji ya nini, mayu?” Mboje alisema baada ya kusomewa barua. “Kwetu sakafu tunatia udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe mabichi. Unaponda, unaponda, unasugua kwa jiwe. Unaweza kumwaga uji ukaulamba.”

“Ulambe wewe uliyezoea.”

“Nyie Wafipa mnajua kuhifadhi ulezi tu. Nyumba zenu zenyewe kama maghala. Mtu anaingia anajiona gunia.”

“Na nyie nyumba zenu zinanuka zizi.”

“Zizi ndiyo harufu ya utajiri, mayu. Lete ndoo.”

Wakaanza kesho yake. Kichuguu kilikuwa nyuma ya kisima, chekundu, kikubwa kama jogoo wa hadithi. Walikichimba, wakauchekecha udongo, wakauchanganya na mavi ya ng'ombe ya asubuhi ile ile, yakiwa bado yanafuka moshi kwa baridi. Mboje alishika gongo bapa, Hellena akashika mchi wa kinu, wakaponda chumba kizima wakirudi kinyumenyume kama watu wanaomuaga mfalme. Siku ya kwanza sakafu ilinuka. Siku ya tatu ilikuwa inanuka kidogo. Siku ya sita, baada ya kusuguliwa kwa mawe laini ya mtoni mpaka viganja vikachubuka, Hellena aliinama akaona kivuli cha kilemba chake sakafuni.

“Mboje! Naonekana!”

“Usijitazame sana, utajikatisha tamaa.”

Lakini Hellena alikuwa amekwisha kuwaka. Kitu kilichomkera ni ukingo. Sakafu nzuri bila ukingo aliiona kama kanga isiyo na pindo. Na hapo akakumbuka visoda, vile vizibo vya bati vya chupa za soda na bia.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vinatafutwa kwa foleni na kwa kujuana vilianza kumwagika. Soda za kila rangi, bia za kila jina, na nyuma ya kila baa ya Mazwi, katikati ya mji, palikuwa na lundo la visoda vinavyong'aa juani bila mwenyewe. Hellena akachukua kapu, akavuka mji, akazunguka nyuma ya baa tano mchana kweupe, katikati ya Kwaresima, akiinama na kuokota.

Jumapili, mwenyekiti wa jumuiya alimsubiri nje ya kanisa uso umeiva huruma.

“Mama Modesti, tunasikia unaonekana kwenye mabaa.”

“Mnasikia kweli.”

“Ni… ni shida gani mama yetu?”

“Ni tamaa, mwenyekiti. Nikianza moja siachi. Jana nilimaliza mia tatu.”

Mwenyekiti alifanya ishara ya msalaba. Hellena akamwacha nayo akaenda zake, maana huruma ya watu ni kitu kizuri, inafaa wapewe sababu.

Visoda vilipandwa sakafuni, udongo wa ukingoni ukiwa umelowanishwa tena, vimepinduliwa meno chini mgongo juu, mistari miwili kuzunguka chumba, na mlangoni ua moja kubwa la rangi nyekundu, njano na buluu. Mboje alisimama mlangoni, akavua ndala zake kwanza.

Shida ikawa kuku. Kuku wa Hellena, saba na jogoo wao, walikiona kila kisoda kama punje ya mahindi. Wakaingia na kuanza kudonoa ua. Hellena aliwakimbiza kwa ufagio, wakarudi. Akawakimbiza, wakarudi na wa jirani. Mwishowe akawafungia wote bandani, akawa anawatilia pumba na maji humo humo.

“Hadi Pasaka,” aliwaambia. “Na nyie fungeni kama Wakristo.”

*

Madirisha yalimpeleka sokoni kwa Mwasiti.

Mwasiti alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa wafanyabiashara, duka la baba yake la vyombo na magodoro likiwa lile lile tangu mkoloni. Ila yeye sasa alikuwa ameongeza mitumba. Kila robota lilipofunguliwa, wanawake wa mji mzima walijaa pale wakivutana mikono ya sweta. Hellena hakwenda kuvuta. Alikaa kwenye kigoda akasubiri vumbi litulie.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka madirisha.”

“Vioo viko Tunduma, mama, na vikifika hapa vimeshakuwa vipande, barabara yenyewe unaijua.”

“Nani kasema vioo? Godoro likija linakuja limevaa nini?”

Mwasiti akatazama yale magodoro yake, yamefungwa nailoni nyeupe inayoonyesha, akaanza kucheka. Nailoni ile wateja waliichana wakaitupa. Hellena akaondoka na ya magodoro mawili, safi, bila hata mkunjo. Lakini kabla hajainuka macho yake yakaangukia kwenye pembe ya duka, kitu cheupe kimekaa peke yake kama mzimu aliyechoka.

“Kile nini?”

“Usiniulize, mama. Shela la harusi. Limetoka kwenye robota la mablauzi. Bibi harusi wake huko Ulaya alikuwa mnene huyo, sijui alimmeza nani! Nimelitundika miezi minne. Kila binti akilijaribu wanaingia wawili.”

Walilitandaza. Lilikuwa na marinda juu ya marinda, lesi ya maua kuanzia kifuani hadi mkiani, na mkia wenyewe ulitosha kufunika kaburi la padri. Hellena alishika lesi, akaiinua kwenye mwanga, akaona maua yanakaa hewani.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “mimi madirisha yangu ni matatu.”

Mwasiti akamtazama. Akatazama shela. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akajisemea bismillahi, akakata.

Walikata wakicheka hadi wateja wakaja kuchungulia. Sketi ilitoa mapazia mawili, mkia ukatoa la tatu, na mikono ya shela ikabaki. Mwasiti, aliyekwisha kusimuliwa habari ya barua, alitaka kitu kimoja tu kwa malipo: siku mwanao akija, na mimi niwepo nione uso wake.

Nailoni ilipigwa kwenye fremu za madirisha kwa misumari midogo, juu yake vipande vya tyubu ya baiskeli ili isichanike, ikavutwa mpaka ukiipiga kidole inalia ndu! kama ngoma. Mapazia yakapita kwenye fito za mianzi. Siku ile ule upepo wa Ufipa unaokata masikio, ambao miaka yote uliingia sebuleni bila hodi na kukaa mezani, ulifika dirishani ukagonga, ukazunguka nyumba, ukaenda kwa watu wengine. Ndani kukawa na joto. Na mwanga! Hellena aligundua kwamba meza yake ilikuwa ya rangi ya kahawia. Alidhani ni nyeusi.

*

Zikabaki kuta, na Pasaka imebakiza wiki moja.

“Umevaa kiatu kabla ya soksi,” Mboje alimwambia. “Kuta ndizo za kwanza.”

“Ningeanza na kuta ningekuwa nimechoka. Tandika magunia sakafuni, uache kelele.”

Walikwangua masizi kwa majembe ya zamani wakatoka weusi, meno tu yanaonekana. Kisha wakachanganya udongo wa kusiriba: mchanga, udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe kidogo, na makapi ya ulezi ya kushikilia udongo usipasuke. Makapi ndiyo siri ya Wafipa. Kila mwaka baada ya kupura, Hellena aliweka gunia la makapi. Na yale makapi ya mwisho yaliyofagiwa uwanjani, yenye punje punje zilizokaidi ungo, aliyamwaga uani kuku wayachambue. Kuku wakishamaliza kazi yao, kinachobaki ni makapi matupu, yanakwenda kwenye udongo. Alifanya hivyo na mama yake, na mama yake na bibi yake. Kuku hawajawahi kuacha hata punje.

Gunia la makapi safi lilitosha kuta tatu. Ukuta wa nne, ule mkubwa unaotazamana na dirisha, Hellena alikwenda uani akazoa makapi aliyoyamwaga pale wiki mbili zilizopita alipofagia ghala, akayatia kwenye udongo bila kuyatazama mara mbili. Angetazama nini? Kazi ya kuku hiyo.

Walisiriba Jumamosi, siku moja kabla ya Matawi. Zile kuta tatu zilikauka haraka, wakazipaka udongo mweupe uliokorogwa na uji mwepesi wa unga ili usishike nguo za watu. Ukuta mkubwa ulisiribwa mnene zaidi, ukawa haukauki. Hellena akaunyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni usije ukapasuka.

Jumatano Kuu alipofungua pazia, ukuta ulikuwa na ukungu wa kijani.

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akavaa. Akasogea. Akagusa. Vilikuwa vijani vidogo, laini, maelfu kwa maelfu, vyote vimesimama wima kama watoto wa shule wanaoimba wimbo wa taifa.

“Mbojeeee!”

Mboje alikuja mbio na mwiko mkononi. Akausogelea ukuta, akaupapasa kwa mwiko.

“Mayu,” akasema, “umelima.”

“Ni ulezi.”

“Naona. Tena umeota vizuri kuliko wa mume wangu.”

“Kuku hawakuchambua! Kuku wako bandani!”

Hapo ndipo yote yalipomjia. Kuku aliwafungia kwa ajili ya visoda. Mbolea aliitia mwenyewe. Maji alinyunyiza mwenyewe, asubuhi na jioni kama mtu wa bustani. Joto lilitoka kwenye nailoni ya godoro, na jua lilipita kwenye lesi ya bibi harusi wa Ulaya. Kila kizuri alichokifanya kilikuwa kimeshirikiana nyuma ya mgongo wake. Akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza katika siku arobaini akaliona lile kochi la Mbeya mbele ya macho.

“Siku tatu,” alisema. “Anakuja baada ya siku tatu, na shamba liko ukutani.”

Walijaribu kukwangua. Kila mche uliong'olewa ulitoka na bonge lake la udongo, ukuta ukabaki na mashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Wakaacha baada ya kukwangua upana wa kiganja kimoja. Mboje akapata wazo: akamleta mbuzi wake jike, mlafi anayejulikana mtaa mzima.

“Atakula dakika kumi, ukuta utanyoleka kama kichwa cha askari.”

Mbuzi aliingizwa, akasimama juu ya ua la visoda, akautazama ulezi, akaunusa. Akageuka. Akakamata pazia.

“Lesi! Lesi yangu! Mboje, shetani wako!”

Walivutana, bibi upande huu, mbuzi upande ule, na mbuzi alipotolewa nje alikuwa na kipande cha harusi kikining'inia mdomoni. Dirisha la katikati likabaki na pazia fupi, kama kijana aliyekua ghafla akaachwa na suruali yake. Hellena alilia kidogo. Halafu akacheka kidogo. Kisha akaenda kuchukua mikono miwili ya shela iliyobaki, akaishonea pazia lile pale pale, mmoja kila upande. Likaonekana kama dirisha linataka kumkumbatia mtu.

Alhamisi aliazima mkasi wa Mwasiti. Ijumaa Kuu hakugusa kitu, maana siku ile haifanyiwi kazi. Alikaa tu akiutazama ukuta baada ya Njia ya Msalaba, na ukuta nao ukazidi kumkulia machoni. Usiku wa kuamkia Jumamosi alilala kama mtoto, kwa sababu alikuwa ameamua. Jipu usiloweza kulificha, lipake wanja.

Alfajiri alianza kukata. Alinyoa ulezi wote ukawa sawa, urefu wa fundo la kidole, ubao wa kupigia mstari ukitangulia na mkasi ukifuata. Kisha akachukua udongo mweupe na brashi ya mkonge, akagawa ukuta vipande vinne kwa mikanda minene myeupe, akifunika humo humo yale mashimo ya ndui. Alipomaliza alirudi nyuma hadi mlangoni. Moyo ukampiga kama wa msichana. Vilikuwa vitambaa vinne vya kijani, laini kama mahameli, vimetundikwa kwenye fremu nyeupe. Hakuna duka Sumbawanga lililokuwa na kitu kama kile. Wala Mbeya. Hakuna aliyewahi kukifikiria, na yeye mwenyewe hakukifikiria.

“Mungu wangu,” alinong'ona, “mimi ni hatari.”

*

Pikapu ilifika saa tisa alasiri, haijulikani rangi yake. Ilikuwa imenasa matopeni mara nne njiani. Modesti alishuka akiwa na matope hadi magotini, mkewe Rahel hadi kiunoni, na watoto wanne hapakuwa na haja ya kuwapima. Mwasiti alikuwa ameshafika, amekaa uani na kashata zake. Mboje alikuwa kwenye ua wake, shingo juu ya miti ya uzio.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Simama hapo hapo! Viatu!”

“Mama?”

“Vua viatu. Nawa miguu. Wote. Huingii nyumbani kwangu na matope.”

Modesti alitazama nyumba ya udongo, akatazama miguu yake, akanawa.

Aliingia wa kwanza na kusimama juu ya ua la visoda. Alichuchumaa, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole. Ikalia ko, ko. Akatoa ufunguo wa gari, akakwaruza pembeni; halikutoka vumbi. Akaenda dirishani, akapiga nailoni, ndu! Akalishika pazia, akakuta ameshikana mkono na mkono wa shela.

“Hii… ni nguo?”

“Ilikuwa.”

Akaegemea ukuta mweupe kwa makusudi, shati lake likiwa jeusi, kisha akaligeuza kutazama mgongo. Safi. Hellena alimwona anatafuta kosa kama mtu anayetafuta shilingi gizani, na moyo wake ukawa unapanda. Hapo Rahel, aliyekuwa bado mlangoni, akaita:

“Baba nanii! Geuka!”

Modesti akageuka, akauona ukuta wa nne.

Mwasiti, aliyekuwa anachungulia begani kwa Rahel, aliacha kutafuna. Modesti alisogea, akanyoosha kidole, akapapasa. Akanusa kidole.

“Mama. Ukuta umeota.”

“Umeota.”

“Huu ni ulezi.”

“Kumbe unaukumbuka. Nilidhani Mbeya inasahaulisha.”

“Mama, huwezi kuishi kwenye nyumba inayoota! Kesho utavuna juu ya dari! Ndiyo maana nikasema…” Sauti yake ilianza kupata ile nguvu ya kwenye barua. “Ndiyo maana nikasema tufunge mizigo.”

Hellena alikwenda kwenye picha ya Bikira Maria, akaingiza mkono nyuma yake, akatoa barua. Akavaa miwani. Kidole kikatangulia.

“‘Mama mpendwa,’” akasoma, sauti ya kanisani, “‘nyumba hiyo imekwisha kufa, inangoja kuzikwa tu.’ Huu mwandiko wa nani?”

“Wangu, lakini…”

“Imekufa. Mimi darasa la nne, wewe umefika mbali, nisaidie. Kilichokufa kinaota?”

Modesti akapangusa kidole kwenye suruali.

“Uliiua wewe, kwa kalamu, Jumatano ya Majivu. Leo Jumamosi Kuu mwenyewe umeiona ina uhai kuta hadi sakafu. Imefufuka, baba. Tena imemtangulia Bwana kwa siku moja, Mungu anisamehe. Sasa unataka kuzika kitu kinachopumua?”

Ng'ambo ya uzio Mboje alipiga kigelegele ambacho hakuna aliyemwomba. Mwasiti akapaliwa na kashata. Rahel alijaribu kucheka kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa, akashindwa, akashika ukuta ili asianguke. Na mkono ulipogusa ule ulaini ukabaki pale pale, ukawa unapapasa juu chini, juu chini. Watoto walikuwa wameshalala chali kwenye sakafu wakihesabu visoda.

“Modesti,” Rahel alisema, bado anapapasa, “sisi nyumbani tuna saruji, na miguu ya watoto inapasuka kwa baridi.”

“Rahel, usianze.”

“Sianzi. Namwuliza mama udongo wa kichuguu unapatikana Mbeya?”

Modesti alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akautazama tena ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akakaa chini, kwenye sakafu ile ile, na Hellena akajua amekwisha kubaki. Akavua miwani upesi, maana ilikuwa imepata ukungu.

“Sawa, mama,” Modesti alisema akifuta macho. “Kaa na shamba lako.”

“Na msichana wa kazi?”

Modesti akashtuka. “Msichana gani?”

“Wa mstari wa mwisho. Likizo zote niletee wajukuu hapa. Mimi siendi kwenye kochi.”

Jumatatu ya Pasaka ile pikapu iliyokuja kumchukua ilirudi Mbeya imebeba viroba sita vya udongo wa kichuguu, kapu la visoda, na Rahel amekaa mbele, nailoni ya godoro imekunjwa mapajani kama mtoto mchanga. Watoto walibaki, shule ikiwa bado imefungwa.

Vumbi lilipotulia Hellena alikwenda bandani akafungua. Kuku walitoka wakipepesuka, wakanyoosha mbawa, wakaingia ndani moja kwa moja. Visoda waliviruka kama hawajawahi kuvijua. Walikwenda hadi ukuta wa nne, wakajipanga, jogoo mbele, wakaanza kuruka na kudonoa.

Hellena alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Sasa ndiyo mnakuja kazini?” akawauliza.